Siku moja na chuo kilichobandikwa selotepu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Julai hii Nairobi ina baridi ya kukufanya uulize nani alikutuma kutafuta kazi. Kabla sijafungua macho vizuri nasikiliza kama mabati ya jirani yanapigwa na mvua. Wengine husikiliza mvua kwa sababu ya nauli ya matatu kupanda. Mimi nawaza karatasi. Unyevu ukizidi, karatasi hutanuka, gundi hukataa kukauka, na ukungu uliolala miaka mingi ndani ya kitabu huamka.

Saa moja na nusu nashuka Ngara. Kondakta wa njia hii aliwahi kuniuliza kazi yangu, nikamweleza kwa kirefu habari za kuhifadhi hati za kale. Akanikatiza: "Kumbe wewe ni fundi wa vitabu." Sijapata jina bora kuliko hilo. Karakana iko orofa ya tatu, juu ya mafundi cherehani, na haina kibao mlangoni. Wanaonihitaji hunipata.

Saa mbili. Kipima unyevu ukutani kinasoma asilimia 68. Ningependa iwe karibu na 50. Nawasha mashine ya kukausha hewa na kuomba stima isipotee, kisha nakagua mitego ya wadudu: mende mmoja, na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kabati, wawili. Mchwa hakuna, alhamdulillahi.

Kijana ninayemfundisha tayari anapika gundi. Ni wanga wa ngano, si unga: protini ya unga imeondolewa, umebaki wanga mtupu. Unakorogwa kwenye moto mdogo kama nusu saa bila kuacha, unapoa, unachujwa mara tatu, unalegezwa kwa maji mpaka uwe kama uji wa mtoto. Tunautumia kwa sababu karne moja ijayo mtu akitaka kubandua nilichobandika, maji kidogo tu yatamtosha. Gundi isiyobanduka ni adui, hata iwe nzuri vipi.

Saa tatu ndipo siku inapoanza kweli. Mezani kuna chuo. Pwani ya zamani kitabu kiliitwa hivyo, chuo, na mwenye hiki hakiiti kwa jina jingine. Ni bibi wa Lamu anayeishi na wanawe South C. Kina utenzi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, karatasi arobaini, na mwandishi ameweka tarehe mwishoni: 1299 Hijria, yaani 1881 au 1882.

Watu huniuliza mbona hatuna vyuo vya zamani zaidi, ilhali Waswahili wameandika kwa karne nyingi. Jiwe lenye maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, msikitini Kizimkazi, Unguja, ni la mwaka 1107. Lakini hilo ni jiwe. Karatasi ya pwani huandamwa na joto, chumvi ya bahari na mchwa, kwa hiyo utenzi uliishi kwa kunakiliwa: chuo kikichoka, mtu anaandika kingine. Mswada wa utenzi unaotajwa kuwa wa kale zaidi wenye tarehe, ule wa Tambuka, ni wa 1728, nao uko Hamburg, Ujerumani. Sina la kuongeza kuhusu hilo la Hamburg, ila naliwaza kila nikipiga pasi karatasi ya mtu.

Nikiiweka karatasi ya chuo cha bibi juu ya taa, hilali tatu zinajitokeza ndani yake kama kivuli. Karatasi za namna hiyo zilitengenezwa Italia kwa ajili ya masoko ya Waislamu, zikasafiri na majahazi hadi kwetu. Namwonyesha kijana. Anapiga picha, anasahau gundi jikoni, ananusa, anakimbia.

Wino ni wa aina mbili. Sehemu kubwa ni wa masizi, mweusi tii, umekaa juu ya karatasi bila kuidhuru. Lakini kurasa sita zimeandikwa kwa wino wa kahawia, na hapo karatasi imetoboka kufuata mwendo wa kalamu, kana kwamba herufi zimekatwa kwa wembe. Huo ni wino wa chuma: vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, chumvi ya chuma, na ulimbo wa mgunga wa kuushikanisha. Ulitawala Ulaya tangu enzi za kati, na asidi yake pamoja na chuma chake huila karatasi polepole. Naweka kipande cha karatasi ya kupimia chenye tone la maji. Baada ya nusu dakika kinageuka waridi. Chuma bado kiko kazini.

Halafu selotepu. Mwana wa bibi aliibandika miaka ya tisini, kwa mapenzi kabisa, kurasa kumi na moja. Nasema ukweli: mchwa nimewazoea, wanaonitoa jasho ni watu wenye nia njema. Niliwahi kuletewa barua za ukoo ambazo ofisi moja ilizipitisha kwenye mashine ya kuzifunika kwa plastiki "zisiharibike". Sikuweza kuzifanya lolote. Hii ya leo angalau inatoka. Napasha moto kisu butu, nakipitisha juu ya utepe sentimita kwa sentimita, utepe unaachia. Chini yake gundi imekuwa ya njano na inanata. Kabla ya kuigusa kwa dawa najaribu tone dogo kwenye nukta moja ya wino, nione kama unayeyuka. Huu hauyeyuki. Utepe mmoja, saa nzima na dakika ishirini. Na hapana, sivai glavu za pamba kama za kwenye filamu. Mikono iliyooshwa na kukaushwa huhisi mpasuko, glavu huuvuta.

Saa saba, githeri na chai. Jamaa mmoja anapiga simu, ana ukurasa wa ngozi wenye maandishi ya Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, anataka niutie fremu na nimwambie bei. Kwenye picha naona ukingo ulionyooka mno: umekatwa kutoka kitabuni kwa kisu. Ethiopia ina Injili za Garima, za ngozi, zilizopimwa na kuonekana ni za kati ya karne ya nne na ya saba, na zimedumu kwa sababu monasteri yake haikuzigawa ukurasa kwa ukurasa. Namwambia sitii fremu, wala bei siijui. Anakata simu.

Saa nane hadi kumi na moja ni kubandika. Karatasi ya Kijapani ya nyuzi za mforsadi, nyembamba hata unasoma kupitia kwake, naichana kwa mkono ili ukingo uwe na manyoya, gundi kiasi, karatasi ya kunyonya maji, uzani juu. Kurasa za wino wa chuma nazigusa kwa unyevu mdogo kabisa, maana maji husambaza chuma. Mgongo unauma. Hakuna cha kusimulia zaidi hapo.

Ila ukurasa wa kumi na mbili. Tundu limekula mwisho wa kipande cha pili cha ubeti. Kila kipande kina mizani nane, imebaki mitano, na vipande jirani vinaishia "-li". Pia imesalia nukta moja chini ya mstari, yaani herufi be. Kwa hati zetu za zamani be hiyo hiyo ilibeba b, mb na p. Basi inaweza kuwa "kabili", au "ya mbali", au "wa pili". Zote zinaingia.

Saa kumi na moja na robo nampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Chuo changu kizima?"

Namsomea kipande cha kwanza. Kimya kidogo, kisha: "Mato yangu hayaoni tena, lakini hiyo naijua. Ngoja nimuulize dada yangu."

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, miguu imeganda, ndipo unaingia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Bibi anaimba ubeti na kumalizia "ya mbali". Nyuma yake sauti nyingine inadakia: "La! Wa pili! Mama alikuwa akisema wa pili!" Zinazobaki ni dakika tatu za mabishano, na mjukuu anayecheka.

Nimefungua daftari la kazi, nimeandika zote mbili kwa penseli. Kwenye chuo chenyewe tundu limezibwa kwa karatasi tupu, na litabaki tupu.