Kubandua rangi kwenye plastiki za pikipiki: tina weka mbali

Vijana wanaoniletea kava za pikipiki huwa na swali moja, na huliuliza kabla hata hawajazishusha: "Fundi, si unafuta na tina tu, unapuliza, jioni napitia?" Kwenye tanki la bati, sawa, tina, yaani dawa ya kuyeyushia rangi, ifanye kazi yake. Kwenye plastiki, hapana. Nimeona kava nyingi mno hapa Tanga zikiishia jalalani, na zilikuwa nzima kabisa mpaka siku zilipoguswa na kitambaa chenye tina. Inaniuma, kwa sababu kava za pikipiki za zamani hazipatikani tena dukani.

Kazi iliyo mezani wiki hii ni Honda XL ya mzee mmoja aliyekuwa bwana shamba. Kava zake za pembeni zimepakwa kwa brashi mara kadhaa: nyekundu juu, chini yake bluu, chini kabisa rangi ya kiwandani. Mzee aliniambia, "Mwanangu, fanya taratibu, hizi hazina mbadala." Na taratibu ndiyo njia yenyewe.

Kwanza geuza kava uangalie mgongoni. Mara nyingi utakuta herufi za aina ya plastiki zimechapwa kwenye plastiki yenyewe: ABS au PP. Usianze kabla ya kuzisoma. ABS ni ngumu, inang'aa, ukiigonga kwa kucha inalia kavu. Kava za pembeni, taili na maski ya taa mara nyingi ni hizo. PP ni laini, ina utelezi kama nta, inakunjika bila kuvunjika. Madigadi za pikipiki za porini nyingi ni za aina hii. Kama herufi hazipo, kwangua kipande kidogo mahali pa kujificha, hakikisha hakina rangi, kitie kwenye glasi ya maji na ukizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke. PP kwa kawaida itaelea, ABS itazama.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengine yote. Tina ya rangi za magari na asetoni huyeyusha ABS. Haziishii kwenye rangi. Zinaingia kwenye plastiki, uso unakuwa ute, na hata ukikauka utakuta nyufa ndogondogo zinazunguka matundu ya bolti. Petroli nayo si rafiki. Dawa kali za kubandulia rangi za chuma ziache kabisa. PP inavumilia zaidi, lakini shida yake ni nyingine: rangi haitaki kuishika, ndiyo maana madigadi iliyopakwa mtaani mara nyingi unaimenya kwa ukucha.

Halafu kuna wale wa mafuta ya breki. Ni kweli, DOT 3 na DOT 4 zinalainisha rangi. Kila mwendesha pikipiki ameona tanki lililovimba rangi pale chini ya kopo la breki ya mbele. Wapo wanaoloweka kava humo usiku kucha na kesho rangi inatoka kwa mswaki. Mimi siyatumii. Yanaweza kudhoofisha ABS pale inapobanwa na bolti, yanajificha kwenye kona na nyufa, na yakibaki hata kidogo, rangi mpya itavimba palepale. Na ukishamaliza, beseni zima la mafuta yale utalimwaga wapi? Hapa uani kwangu kuna kisima.

Ninachofanya ni hiki. Naosha kava kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, nasugua kweli, maana pikipiki nyingi zimepakwa dawa ya kung'arishia yenye silikoni, na silikoni ukiisaga kwa msasa unaisambaza tu. Stika nazitoa kwa drayer ya nywele, naipitisha bila kuituliza sehemu moja, kisha navuta stika polepole. Gundi iliyobaki naipaka mafuta ya kula, naiacha ilainike, naikwangua kwa kadi ya plastiki, naosha tena.

Baada ya hapo najaribu spiriti upande wa ndani, palipo na rangi lakini hapaonekani. Nalowanisha kitambaa, nafunika na mfuko wa nailoni isiruke, nasubiri dakika chache. Rangi nyingi za kopo la kupuliza hulainika na kukwanguka kwa kadi hiyohiyo. Rangi iliyochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, haitikisiki, hiyo ni ya msasa. Spiriti inashika moto haraka. Jiko la mkaa liwe mbali, na dirisha liwe wazi.

Msasa wa maji ndio mkono wangu wa kulia. Naanza na namba 240 pale penye matabaka mazito, naenda 400, namalizia 600. Ndoo ya maji pembeni, tone la sabuni ndani. Msasa nauzungushia kipande cha kandambili ya zamani: kinakunjika kufuata umbo la kava na hakichimbi mifereji ya vidole. Kingo nazipitia mwisho, kwa mkono mwepesi, maana hapo rangi ni nyembamba na plastiki iko karibu. Maji yanazuia vumbi pia, na vumbi la rangi ya zamani si la kuvuta puani. Drili yenye diski ya msasa usiisogeze: joto lake linaiyeyusha ABS na kuiacha PP na manyoya.

Tena, usibandue kila kitu. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika, huna utakayoipata mtaani inayoshika kuishinda. Kwenye kava za mzee, nyekundu na bluu zimetoka zote, ila ile nyeupe ya chini nimeitia ukungu tu kwa 600 na kuiacha. Plastiki tupu imeonekana kwenye kingo na sehemu moja ya goti, hapo tu ndipo praima ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya chini, itakapoanzia. Ingekuwa PP tupu, ningetanguliza dawa ya kushikisha rangi kabla ya praima, la sivyo ni kupoteza hela ya mteja.

Kava moja ilikuwa na ufa kwenye sikio la bolti. Hapo ndipo asetoni inapopata kazi halali: vipande vya ABS kutoka kava iliyokufa navitia kwenye chupa ya kioo na asetoni kidogo, vinakuwa uji, najaza ufa kwa ndani, naacha mpaka kesho yake. PP haikubali hilo, inataka kuchomelewa kwa pasi ya kulehemu.

Sasa kava zimening'inia kivulini. Usizianike kwenye bati la jua kali, zitapinda na matundu hayatalingana tena na bolti. Hewa ya masika bado ina unyevu mwingi, kwa hiyo nimemwambia mzee asubiri mvua ipungue ndipo nipulize, maana klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, ikipulizwa kwenye unyevu huu inageuka nyeupe kama maziwa. Amekubali. Rangi aliyochagua ni nyeupe, kama ilivyotoka kiwandani.