Kolo haihitaji kufuli jipya

Juzi jamaa mmoja ananiambia eti michoro ya kale ya mapangoni Kolo izungushiwe uzio wa maana, geti, kufuli, mchezo uishe. Nikamwambia kaka hilo lilishajaribiwa. Enzi za mkoloni waliweka senyenge mbele ya baadhi ya mapango, na nyaya zikaishia kung'olewa watu wakaenda kuzitumia kwao. Na mimi siwashangai, maana unamfungia mtu sehemu ambayo babu yake alikuwa anaombea mvua halafu unategemea akulindie?

Kwa asiyejua, Kolo ni Kondoa hukohuko, unapita mjini ukielekea Babati halafu unaacha lami na kupanda mlima. Mapango yenye michoro wilaya nzima yanazidi 150, mengine ni jiwe tu limeinama kama kibaraza. Kuna watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabuajabu wamechorwa kwa rangi nyekundu, kuna twiga, kuna pofu, na michoro myeupe ambayo ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006, na sababu mojawapo ni kwamba matambiko bado yanaendelea, yaani Warangi kuendelea kwenda kutambika pango la Mungomi ni sehemu ya huo urithi wenyewe.

Sasa hapo ndipo pagumu. Pombe ya tambiko inayonyunyiziwa mwambani inachafua michoro, hilo ni kweli na wataalamu wana haki ya kulalamika. Ila mimi wanaonikera ni wengine. Wale wa mali ya Mjerumani, wanaochimba chini ya mapango usiku wakiamini kuna dhahabu ilifichwa wakati wa vita, wanaacha mashimo na kupukutisha udongo ambao ndio ungetuambia hao wachoraji walikula nini na waliishi vipi. Na wale wa mjini, anafika na chupa ya maji anamwagia mchoro ili rangi ikolee kwenye picha, mwingine anaandika jina lake kwa mkaa, sijui anategemea nani aje kulisoma.

Australia nao haya yamewakuta. Uluru, lile jiwe jekundu, ardhi yake walirudishiwa Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, mwaka 1985, wao wakaikodisha serikalini iendelee kuwa hifadhi kwa miaka 99, na kwenye bodi wao ndio wengi. Waliomba miaka na miaka watu wasipande, watu wakawa wanapanda tu, mpaka bodi ikaamua 2017 na Oktoba 26, 2019 njia ya kupanda ikafungwa moja kwa moja. Lakini hukohuko, 2020, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge yenye alama za watu za miaka 46,000 na walikuwa na kibali halali. Kwa hiyo sheria peke yake bila wenyewe kuwa na kauli ni karatasi tu.

Sisi Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Ninachotaka mimi ni wazee wa Kolo wakae kwenye meza ya maamuzi, si kuitwa semina kupewa soda na posho, wao waseme tambiko lifanyikie pango lipi na pombe imwagwe wapi, maana kijana anayechimba usiku atamwogopa babu yake kuliko mlinzi.

Ukienda wikendi pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale pale kijijini, chukua mtu wa kukuongoza, na ukiambiwa leo kuna tambiko juu, subiri chini bana.