Siku moja maishani mwangu: napanga tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro

Saa tatu asubuhi, Moshi mjini. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, karibu." Mwenye kampuni alianza kazi akiwa mpagazi, akawa kiongozi wa wageni, leo ana ofisi yake. Ananikabidhi orodha ya kurasa anazotaka: Dira, Dhamira, Uongozi, Idara ya Usafiri, Huduma, Picha. Naiweka pembeni kwa heshima na kumuuliza wageni wanaulizaga nini WhatsApp. Hapo hahitaji hata kufikiri. Nipite njia ipi? Siku ngapi? Bei inajumuisha nini? Nije mwezi gani? Nitalala wapi?

Saa nne. Kila swali linapata kikaratasi chake, tunavitandaza mezani. Kompyuta bado imo mkobani, maana ukiifungua mapema unaishia kuchagua rangi.

Ubishi unakuja kwenye njia za kupandia mlima. Mzee anataka zote tano anazouza zikae ukurasa mmoja. Nakataa, na kwa hili huwa silegezi. Marangu mgeni analala kwenye vibanda, nyingine ni mahema. Rongai inaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Lemosho inatokea magharibi na kwa kawaida huchukua siku 7 au 8. Anayetafuta Rongai anataka kusoma Rongai tu, kwa hiyo Machame na Umbwe nazo zinapewa kurasa zao. Juu ya kurasa hizo tunaweka ukurasa wa Njia wenye jedwali la kulinganisha siku, malazi na ugumu, kila jina likiwa kiungo cha kubonyeza kufungua ukurasa wake.

Saa saba, wali maharage.

Saa nane nachora ramani ya tovuti. Menyu ina vitu vitano: Njia, Bei, Maandalizi, Kuhusu Sisi, Wasiliana. Dira na Dhamira zinaingia Kuhusu Sisi, aya moja inatosha. Wapagazi nawapa ukurasa wao, chini ya Maandalizi: wanalipwaje, wanakula nini, mzigo usizidi kilo 20. Mzee anatulia, kisha anasema huo atauandika mwenyewe.

Saa tisa, anwani za kurasa. Herufi ndogo, fupi, bila nafasi: /njia/machame. Ya bei ni /bei, bila mwaka. Ukiandika /bei-2025, mwakani utaibadilisha na viungo vyote vilivyosambazwa kwa wageni vitakufa.

Saa kumi namuita dada wa duka la jirani, hajui lolote kuhusu kazi hii. "Dada, ukitaka kujua wapagazi wanatunzwaje, ungebonyeza wapi?" Kidole kinakwenda Kuhusu Sisi, bila kusita. Namjaribu na kijana wa bodaboda, naye vilevile. Nahamisha kikaratasi cha wapagazi kwenda Kuhusu Sisi.

Saa kumi na moja mzee anaipiga picha meza nzima. Tumekubaliana aanze kuniandikia Machame, ndiyo inayoulizwa zaidi, na ukurasa huo ndio utakaokuwa kielelezo cha njia nyingine nne.