Oili niliyoishia kuweka kwenye Massey 135 ya zamani

Nilinunua Massey Ferguson 135 iliyotumika, nachomoa stiki nakuta oili nyeusi tii nzito kama lami, namuuliza aliyeniuzia aliweka oili gani ananiambia tu "mi naongezaga ile ya kwenye pipa". Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, AD3.152, hizi huku Karatu bado zinalima japo umri umeshapita miaka hamsini, hazifi kirahisi.

Sasa ukishakuwa na trekta kuukuu kila mtu anakuwa na oili yake. Fundi kaniambia kaka hizi injini za kizee zinataka nzito, weka 50 kabisa (hiyo namba ndo uzito wa oili) uone moshi unavyokata. Muuza spea yeye anataka nichukue sinthetiki, ile oili ya kutengenezwa kiwandani, nyepesi ya bei juu. Af kuna dereva mmoja mzee akasema usiweke oili za kisasa zina sabuni, zitaosha masizi yote injini ianze kuvuja. Mi nikaona kabla ya kumsikiliza yeyote ngoja nijue injini yenyewe ina hali gani, nikafunga geji ya presha ya oili ile ya mshale, ya kwake ilishakufa kitambo. Injini hizi ikishapata moto na ukiwa umevuta mafuta mpaka mwisho presha inatakiwa icheze kati ya 30 na 60 psi (kipimo cha presha), ya kwangu ikasimama juu kidogo ya 30. Yaani imechoka ila haijafa, na hapo ndo nikaachana na habari ya 50, kwa sababu oili nzito inaweza kupandisha mshale na kupunguza moshi lakini bearing iliyolika haiponi kwa hilo, af baridi ya Karatu asubuhi unaijua, oili inavutika kama asali na injini inazunguka kavu mpaka ifike juu.

Nikachukua 15W-40 ya kawaida, sio sinthetiki. Ikiwa ya baridi inapita kirahisi, ikipata moto inashika kama 40 ileile, na kwangu hilo ndo la maana maana nalima huku juu kisha nashuka Mang'ola kwenye vitunguu ambako joto ni la kufa mtu. Ukiwa unalima bondeni tu mwaka mzima, Kilombero huko au Dakawa, SAE 40 tupu, yaani ya namba moja isiyo na W, haina ubaya.

Ila namba peke yake haitoshi, geuza dumu usome herufi za API, zile za daraja la ubora wa oili. Zinazoanza na C ndo za dizeli, S za petroli, na oili ya gari ndogo yenye S tupu siiweki kwenye trekta hata nipewe bure. Enzi za 135 oili nzuri ilikuwa CC au CD, siku hizi mimi nachukua CH-4, nikiikosa CI-4, zote zinafaa. Dumu lazima liwe na sili yake, zile za kupimiwa kwenye chupa hujui kama ni oili iliyochujwa ikarudishwa.

Yule mzee wa sabuni hakukosea sana. Oili yenye sabuni inang'oa uchafu wa miaka, kwa hiyo ya kwanza sikuiacha ifikishe saa zake, niliimwaga mapema injini ikiwa bado ya moto, nikabadili na filta, nikaweka nyingine. Akija mtu akisema "oili imekuwa nyeusi haraka imeharibika" mwambie atulie, inafanya kazi yake. Kuvuja nako, sili ya nyuma ya krenki kwenye hizi injini ni ya kamba, tone mbili tatu zilikuwepo toka naichukua na bado zipo.

Kitu kinachoniogopesha zaidi ya kupungua ni oili KUPANDA kwenye stiki. Ikipanda nusa, ikinuka dizeli angalia ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta ubavuni mwa injini, diaframu (mpira wake wa ndani) ikipasuka dizeli inaingia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na hapo hata ungeweka oili ya dhahabu inakuwa maji. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa hayo ni maji, usiwashe tena.

Na msichanganye na ya gia boksi jamani. Kwenye 135 gia, difu na haidroliki vinakunywa oili moja na pampu ya haidroliki imelala humohumo ndani, ukimwaga ile nzito ya difu za malori jembe linapanda kwa kujivuta. Natumia oili maalum ya trekta, ile ya gia na haidroliki kwa pamoja.

Kibakuli cha filta ya hewa, ile inayonasa vumbi kwa oili, mimi nakijazia 15W-40 hiyohiyo ya injini mpaka kwenye alama, kwa vumbi la Mang'ola nakifungua kila asubuhi, tope likijaa chini namwaga naosha na dizeli.