Tulivyolala kando ya ziwa la mlimani na watoto wawili

Ziwa lile halifikiki kwa gari. Barabara inaishia bondeni, kisha ni kilomita 9 za kupanda kwa miguu hadi mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka 7, dada yake 11, na karibu kila tuliyemwambia alituuliza: watoto wataweza?

Waliweza, na naamini kazi kubwa tuliifanya nyumbani, kwenye mizani. Wiki moja kabla, tulipima mabegi yote. Mtoto asibebe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtu mzima asivuke 20. Kitinda mimba ana kilo 22, hivyo begi lake lilitakiwa kuwa na kilo 2 na kidogo. Akatia koti la mvua, soksi, chupa ya maji, tochi na mwanasesere wake wa kitambaa. Nilitaka kumtoa huyo mwanasesere. Baba yao akanizuia: "Mwachie, mama. Usiku utamshukuru." Hema, jiko la gesi, sufuria na mifuko ya kulalia tukagawana sisi wakubwa, na jeans zote zikabaki kabatini, maana pamba ikilowa haikauki upesi na inakunyonya joto lote la mwili.

Njiani mdogo alitangulia, sisi tukafuata mwendo wake. Tulitembea kwa muda wa saa sita. Mahali pamoja akasema kisigino kinamchoma. Tukakaa hapohapo, nikamvua kiatu. Palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kifungo, ngozi bado haijainuka. Nikakausha, nikabandika plasta, nikambadilishia soksi. Tungengoja nusu saa tu, lingekuwa lengelenge, na safari ingeishia pale.

Tulipofika, watoto walitaka hema liwe ufukweni kabisa, na mimi, kwa uchovu na kwa uzuri wa yale maji, nikakubali. Hilo ndilo kosa ninalolijutia. Hewa ya baridi ni nzito; usiku huteremka kutoka kwenye miteremko na kutuama mahali pa chini, na kando ya maji kuna unyevu mwingi. Saa tisa usiku niliwasha tochi nikaona dari ya hema imejaa matone, madogo kama mbegu za ufuta, yamepangana. Mkono wa mtoto ulipogusa kitambaa, yakamwagika usoni pake. Akaamka analia. Alimkumbatia mwanasesere wake, nikamwingiza kwenye mfuko wangu, akalala tena.

Asubuhi tukahamia kwenye kimwinuko nyuma ya miamba, zaidi ya mita 60 kutoka majini, umbali tuliopaswa kuuzingatia tangu mwanzo ili nyasi za ufukweni zisikanyagwe na wanyama wapate njia ya kunywa. Usiku wa pili tuliamka wakavu, madirisha ya hema yakiwa wazi kidogo ili pumzi zetu zitoke.

Maji ya ziwa tuliyachemsha dakika tatu kamili kabla ya kunywa, hata yalipoonekana kama kioo. Kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo chakula huchelewa kuiva. Bebeni kinachoiva upesi, gesi isiishe. Choo kilikuwa shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji. Binti mkubwa aliumwa kichwa jioni ya kwanza. Tulimpa maji, akapumzika, nasi, tukihofia kwamba ni kimo kinachomsumbua, tukakubaliana kwamba kikizidi tunashuka bila kusubiri. Hakikuzidi.

Siku ya kuondoka tulikunja hema, nikageuka kukagua kama tumeacha takataka. Kitinda mimba alikuwa amepiga magoti pale tulipolala, anainua majani yaliyolala, moja moja, kwa vidole.