Jeli ya mikono haioshi, wapendwa

Kazi yangu ni kuuza uniti na kutuma pesa kwa simu, hapa Birere, Goma. Mchana kutwa nashika noti. Benki zilipofunga milango Januari 2025, noti mpya zikawa adimu mjini, na zile za franga 500 zinazozunguka sasa zimelegea, nyingine zimeshikizwa kwa skochi, zinanuka samaki wadogo wa sambaza, jasho na makala, yaani mkaa. Ndiyo maana chupa ya jeli haikosekani kwenye meza yangu, na siipingi hata kidogo. Kinachoniuma ni namna tunavyoitumia.

Motari, dereva wa pikipiki, anakuja kutoa pesa. Anahesabu, anaomba jeli, anajitilia tone katikati ya kiganja, anasugua mara mbili, anajifuta kwenye koti, kisha huyo anashika mandazi. Hapo amefanya nini? Jeli inaua vijidudu kwa alkoli, na alkoli inataka muda: sekunde 20 hadi 30, ienee migongo ya mikono, katikati ya vidole, kwenye gumba na kucha, mpaka ikauke yenyewe. Ukiifuta mapema, umeitupa. Tena geuza chupa usome kabla hujanunua: alkoli isipungue asilimia 60. Kuna chupa zinanukia maua na zimeandikwa zinaua bakteria, lakini asilimia haionekani popote. Hizo mimi sinunui.

Halafu kuna uchafu wenyewe. Vumbi letu la volkano ni jeusi, na muuza makala analo hadi kwenye mistari ya viganja. Akipaka jeli juu yake, naona tope jembamba linahama kutoka kidole hadi kidole, haliondoki. Alkoli haipenyi vizuri chini ya uchafu na mafuta ya samaki. Mayai ya minyoo haiyawezi, na norovirusi, wale wa kutapisha na kuharisha, huistahimili. Mama anayemtawaza mtoto, tafadhali, sabuni na maji.

Najua jibu: maji yako wapi? Kweli, wengi tunategemea bidoni zinazopandishwa kutoka ziwani, na kila bidoni ni pesa. Lakini kunawa hakutaki bidoni nzima. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, kila duka lilikuwa na ndoo yenye robine ya kufungulia maji, maji ya klori na beseni chini. Hakuna aliyeingia bila kunawa, awe tajiri au mchuuzi. Ebola ikatangazwa kwisha Juni 2020, korona ikazishikilia ndoo kwa muda, kisha zikapotea moja moja: zilizopasuka, zilizopelekwa nyumbani kuwekea unga. Na kipindupindu hakijatuaga. Mji uliopitia kile cha 1994 haukupaswa kuziachilia ndoo zile.

Jambo jingine, kwa mama wanaochoma mahindi: jeli inashika moto, na moto wa alkoli mchana hauonekani vizuri. Usisogee kwenye babula mikono ikiwa bado mbichi. Chupa ikae juu, mbali na watoto, maana wakiinywa inaweza kuwaua.

Kwenye kipande chetu cha barabara tumeanza kuchanga ya ndoo moja na sabuni, zamu ya kujaza maji tutapokezana. Mwenye ndoo ya zamani yenye robine nzima, aje tuzungumze bei.