Mvua ya Mei na mizabibu yetu ya Chianti

"Subiri kwanza uone madoa ndipo upige dawa." Ushauri huu nimepewa na watu wengi, na kila nikiusikia damu inanichemka. Mwaka 2023 mvinyo wa Italia nzima ulipungua kwa zaidi ya asilimia 20, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaoanza na madoa hayo, ukiwa chanzo kikubwa. Sisi tulivuna, kwa sababu hatukusubiri.

Nafanya kazi kwenye shamba dogo la kilimo hai kwenye vilima vya Chianti, kati ya Firenze na Siena, Italia. Ni hekta nne, karibu zote Sangiovese, aina ya zabibu nyekundu. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, zabibu nimezikuta nyumbani. Ila kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na adui niliyemzoea ni ubwiri unga, ukungu mwingine tofauti. Huku mavuno ni mara moja. Mei ikikuponyoka, mwaka umekwenda.

Mwaka wangu wa kwanza nilimsikiliza jirani. Yeye hatumii kilimo hai. Dawa yake inapenya ndani ya jani, akichelewa siku mbili bado inamsaidia. Yetu ni shaba, ya jamii ya mrututu, inakaa juu ya jani tu. Inaua mbegu za ukungu kabla hazijaingia. Doa la rangi ya mafuta likionekana, ugonjwa umeshalala ndani siku nyingi. Vishada vichanga viligeuka kahawia, vikanyauka. Nililia palepale kwenye mistari. Signora, mwenye shamba, hakunikaripia. Alinifundisha kanuni ya wazee wa huku, kumi mara tatu: joto lifike nyuzi 10, machipukizi yafike sentimita 10, mvua inyeshe milimita 10 ndani ya siku moja au mbili. Hapo mlango wa ugonjwa umefunguka.

Basi Mei 2023 mvua haikukatika. Kwenye kipande cha bondeni nikaona madoa machache. Mtaalamu mmoja akasema ni shaba imeunguza majani. Sikuridhika. Nilichuma majani sita, nikayafunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, nikauweka juu ya friji kwenye ujotojoto. Asubuhi nikageuza jani la kwanza: manyoya meupe kama pamba, upande wa chini, chini ya doa lenyewe. La pili hivyohivyo. Jani lililounguzwa na dawa halioti manyoya. Nikampelekea Signora mfuko kabla hajanywa kahawa yake.

Trekta lisingeingia, tope lilikuwa la kufika vifundoni. Mvua ingerudi mchana. Saa kumi alfajiri nikajitwika bomba la mgongoni la lita 15, taa kichwani, nikaanza. Kati ya mistari tulikuwa tumepanda maharage ya kurutubisha udongo, na mizizi yake ndiyo iliyonishikia ardhi. Bila hayo ningeteleza hadi mtoni. Nilipuliza kutoka chini kwenda juu, maana ukungu unatokea upande wa chini wa jani. Bomba la ishirini lilikwisha saa tatu. Dawa ilikauka, mvua ikaja.

Watu hudhani kilimo hai ni kutopiga dawa kabisa. Dawa ipo, ila shaba ina kipimo: kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba, basi. Kwa hiyo tunapiga kidogokidogo, mara nyingi, na Signora anaandika kila gramu kwenye daftari. Majani yanayofunika vishada tuliyapunguza kwa mkono ili upepo upite. Gharama? Shaba haikuwa ghali. Ghali ilikuwa siku zetu.

Mistari minne ya bondeni tuliipoteza karibu yote. Iliyobaki tuliichuma kwa mkono mwanzoni mwa Oktoba, kreti baada ya kreti.

Chupa ya kwanza ya 2023, yenye jogoo mweusi wa Chianti Classico na jani la kijani, alama ya kilimo hai, Signora aliniachia niifungue mimi. Ilinukia cheri, na ule uchachu wa Sangiovese ukanijaza mate mdomoni. Ya pili nimeiviringisha ndani ya sweta, naipeleka Hombolo, kwetu Dodoma, kwa kaka.